NAYE MLINZI WA PWANI ANALINDWA NA NANI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Huenda wako watakaouliza, mtu wa kisiwani ana lipi la kusema juu ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa? Analo, kwani wa kule ni wavuvi kama sisi, na dhulma wanayoiogopa twaijua.

Wilaya ya Nyasa ilikatwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kuanzia Lituhi, kupita Liuli, hata Mbamba Bay, watu huishi kwa usipa na mbasa. Mbasa hupanda mtoni kutaga mayai, na Ruhuhu ni mmoja wa mito yake; basi anayeziba mdomo wa mto kwa nyavu wakati huo anavua samaki wa miaka ijayo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imewatambua wanavijiji wanaolinda pwani zao, katika vikundi ambavyo wenyewe huviita BMU. Hawa si waajiriwa wa Serikali. Ni wavuvi na wachuuzi waliojitolea, nao ndio wa kwanza kuiona nyavu haramu, chandarua na sumu.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Insafu yataka tuutaje wema wake. Inamruhusu mtu yeyote, si mwajiriwa peke yake, kutoa habari za uovu kwa nia njema. Inataka jina lake lisitirike. Inakataza asilipiziwe kisasi. Hata fidia imeitaja. Mzushi hana hifadhi humo, na ndivyo ipasavyo.

Lakini kisasi kinachofahamika upesi mahakamani ni cha ofisini: kufukuzwa kazi, kunyimwa cheo, kuhamishwa. Aliyejitolea hana kazi ya kufukuzwa. Yeye nyavu zake hukatwa usiku. Mtumbwi wake hukosa mtu wa kusaidia kuuvuta nchi kavu. Mkewe akifika pwani kununua usipa, huambiwa wamekwisha, na huku anawaona. Hakimu gani atamhukumu jirani kwa kutomsaidia mwenziwe kuvuta mtumbwi? Na jina litasitirikaje, ikiwa usiku ule zamu ilikuwa ya watu wawili tu na kijiji kizima chawajua? Tena tuseme mwenye nyavu ni shemeji wa mkubwa wa kijiji: taarifa apelekewe nani?

Tunayoyataka si makubwa. Taarifa ya namna hii ipokewe wilayani, na ikiwa kuna rushwa ndani yake, ipelekwe TAKUKURU. Kikundi kizima kitie sahihi, asijulikane aliyeona. Na fidia ihesabiwe kwa nyavu na mtumbwi, siyo kwa mshahara asiokuwa nao.

Nasi kabla ya kuwanyooshea kidole wa Bara, tutazame kamati zetu wenyewe za wavuvi. Nani katika nyinyi mlioketi hapa anajua, akiliona juya likikokotwa juu ya matumbawe usiku wa leo, kesho jina lake litakuwa mkononi mwa nani?