Taa ya Chupa Iwake Mpaka Alfajiri

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wetu wa mwaka

  

Nimepewa dakika chache nieleze habari ya taa za chupa, ambazo safari hii zimo kwenye orodha ya michango yetu. Najua wengine mmecheka mlipoiona. Tumezoea kuchangia bati na saruji. Chupa tupu tutaichangiaje? Basi niseme mapema: chupa hatuchangii. Chupa tunazo. Tunachochangia ni mwanga wa usiku kucha.

Njia ya kwenda zahanati mnaijua. Inapita chini ya mikorosho, na hata kukiwa na mbalamwezi pale pana giza. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na umeme umewasha nyumba nyingi za vijijini nchini. Lakini taa ya ndani haimuliki njia. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku, anapitishwa pale kwa tochi ya simu, mmoja ametangulia kuangalia nyoka, mwingine anaomba Mungu chaji isiishe.

Upande wa pili tuna chupa. Ikiisha harusi, ikiisha ngoma ya mwali, wageni huondoka na chupa hubaki. Kioo hakiozi. Chupa inatupwa kando ya shamba la muhogo, inavunjika, na anayekatwa ni mtoto anayepita pekupeku.

Kukitumia kioo mara ya pili si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. Kitengela, nje ya Nairobi, mama mmoja msanii, Nani Croze, alianza karakana ya vioo mwaka 1979, na kioo kilichokwisha kutumika hugeuzwa pale kuwa vyombo na mapambo. Arusha kuna karakana ya Shanga, ambako watu wenye ulemavu huyeyusha chupa kuukuu na kuzifanya glasi na shanga za kuuza. Lakini wenzetu hao wana matanuri. Kuyeyusha kioo kunataka joto la zaidi ya nyuzi 1,000, na sisi Kisarawe miti tumeshaichoma mkaa ya kutosha. Kwa hiyo sisi hatuyeyushi. Tunakata.

Kazi yenyewe vijana wanaiweza. Chupa inaoshwa na karatasi yake inabanduliwa. Inachorwa mstari mmoja kuizunguka karibu na kitako, kwa kisu cha kukatia kioo. Inamwagiwa maji ya moto, kisha ya baridi, nayo inaachia pale pale kwenye mstari. Makali yanasuguliwa kwa msasa ndani ya maji, kwa sababu vumbi la kioo likivutwa huharibu mapafu. Glavu na miwani ni lazima, na watoto wakae mbali. Halafu chupa inaning'inizwa shingo juu. Waya unapita shingoni, tundu linazibwa ili mvua isiingie, taa ndogo ya LED inakaa ndani, na chini panafungwa wavu wa kuzuia wadudu.

Sasa nikiri kosa letu. Mara ya kwanza tulitaka urahisi. Tulinunua mjini taa ndogo za bustani za sola, tukazitumbukiza ndani ya chupa, tukazitundika kwenye mikorosho. Magharibi ilipoingia zikawaka, watu wakapiga makofi, tukapiga picha. Saa nne usiku zote zimezima. Betri zilikuwa ndogo, na paneli zilikuwa kivulini mchana kutwa. Wiki ile ile mama mmoja alipitishwa pale usiku wa manane, chini ya taa zetu, gizani. Alifika salama, alhamdulillahi. Lakini mumewe aliniuliza, "Kaka, hizi mlizitundika kwa ajili ya nani?" Sikuwa na jibu.

Tumejifunza hesabu. Usiku wetu huku ni saa 12. Taa ya LED ya wati 1 ikiwaka saa zote 12 inakula wati-saa 12. Betri inayobeba wati-saa 20 inaiwezesha na kubaki na akiba kidogo. Paneli ya wati 5, ikipata jua zuri la saa nne au tano, inaijaza. Masika mawingu huwa mengi, ndiyo maana hatununui paneli ndogo zaidi. Na paneli ikae juu ya nguzo penye jua, waya ndio uende kivulini. Nguzo zipakwe oili chafu miguuni, maana mchwa wetu mnawajua.

Mzee wetu mmoja aliuliza kama chupa ya pombe itamulika njia ya msikitini. Swali ni la haki, na tumelitii: njia ile itatumia chupa za asali na za sharubati. Chupa za soda zisiguswe, hizo ni za kreti na dukani zinadaiwa.

Ndugu zangu, tunaomba kila familia ichukue taa moja: paneli, betri, LED, waya na nguzo. Bei ziko kwa Mweka Hazina, na risiti zitabandikwa ofisi ya kijiji mkazisome. Betri nayo huchoka baada ya miaka michache, kwa hiyo mchango usiishie siku ya kuzindua. Tumekubaliana kila taa iwe na nyumba inayoilinda, ifute paneli vumbi na kutoa taarifa ikizimika. Tunaomba pia kila mwaka sehemu ndogo ya ada zetu iwekwe kando kwa ajili ya betri.

Mkija nyumbani, msije kuzitazama magharibi. Magharibi kila taa inawaka. Njooni saa kumi alfajiri, mpite chini ya mikorosho. Mkikuta giza, niiteni mbele ya mkutano huu nijibu. Mkikuta mwanga, basi mtajua fedha yenu ilikwenda wapi.