Tumaini Letu Katika Saa ya Udhaifu



Tumepewa nafasi ya kunena juu ya kumtumainia Mwenyezi Mungu wakati wa udhaifu na hatari. Kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa, jambo hili si la vitabuni tu.

Katika kitabu cha nane cha Bhagavata Purana mna kisa cha Gajendra, mfalme wa tembo. Alishuka ziwani na jamaa zake kunywa maji na kuoga, mamba akamnasa mguu. Tembo akavuta, mamba naye akavuta, na pambano likadumu miaka elfu. Jamaa zake walijaribu kumsaidia, wakashindwa. Tembo alizidi kudhoofika, na mamba alizidi kupata nguvu, kwa kuwa maji ndiyo makao yake. Hapo Gajendra aliinua ua la yungiyungi kwa mkonga wake, akamwita Mungu. Bwana Vishnu akaja juu ya Garuda, akamwokoa.

Watoto hupenda mwisho wa kisa hiki. Sisi watu wazima wa Mwanza hatuna budi kuuliza swali gumu. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikija katika mji huu, nayo imejaza abiria kupita kiasi chake. Watu zaidi ya 800 walifariki. Hatuna shaka kwamba wengi wao walimwita Mungu, kila mmoja kwa dini yake. Je, ni nani awezaye kusimama mbele ya makaburi ya Igoma akasema kwamba imani yao ilikuwa haba? Sisi hatuthubutu.

Wafanyabiashara tumezoea kutoa fedha na kudai risiti. Hatari yetu ni kumwendea Mungu na daftari hilohilo: tumefunga, tumetoa sadaka, basi naye atulipe. Gajendra hakuwa na daftari. Ua lile halikuwa malipo, kwani aliyeishiwa nguvu zote hana cha kununulia. Alitoa kile alichoweza kukifikia, na yaliyosalia akamwachia Mungu. Huko ndiko kutumaini. Hatukuahidiwa kwamba mwili huu hautazama. Tumeahidiwa kwamba hatutaachwa peke yetu.

Wala tumaini haliondoi wajibu. Mabaharia wa Gujarati waliowavusha wahenga wetu kwa majahazi walingoja dhoruba za masika ya Bara Hindi zipite. Siku ya mwezi mpevu ya Shravan waliitolea bahari nazi, kisha wakakagua matanga na kamba, wakasubiri upepo wa kaskazi. Sala na tahadhari zilisafiri pamoja. Anayejaza chombo kupita kiasi na kusema Mungu atajua, huyo hamtumaini Mungu, anamjaribu.

Tena, mara nyingi Mungu hujibu kwa mikono ya watu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wenyeji walikimbilia mitumbwi yao kuwaokoa waliokuwa majini. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe anasali wapi. Siku mbili baadaye fundi mmoja alitolewa ndani ya kivuko kile akiwa hai, wakati wengi walikwisha kukata tamaa.

Basi, ndugu zetu, aliye na nguvu leo na awe mtumbwi wa jirani yake. Aliyeishiwa nguvu, kwa maradhi, kwa deni au kwa msiba, asione haya kuita. Milango ya hekalu hili iwe wazi kwake, awe wa dini yetu au asiwe.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri na wavuvi wote wa ziwa letu. Om Shanti.