Faili Moja, Mikono Mingi: Kuzuia Mgongano wa Uhariri katika Mtandao wa Ofisi



Wengi wetu tuliokutana hapa Manundu tulijua masijala kabla ya kujua kompyuta. Jalada likitoka kabatini, kadi ilibaki ikionyesha limekwenda kwa nani. Ukilihitaji, ulimfuata aliyenalo. Jalada moja halikuwahi kukaa juu ya meza mbili kwa wakati mmoja. Kwenye mtandao linakaa, na hapo ndipo kazi za watu zinapopotea.

Katika shule moja niliyowahi kufanyia kazi, walimu walijaza alama za muhula kwenye faili moja la Excel, katika kompyuta ya ofisi ya taaluma. Saa 3 asubuhi mwalimu wa Baiolojia alilifungua. Wa Jiografia alipojaribu, akaambiwa faili linatumika. Alikuwa na haraka. Akalinakili kwenye flashi, akaenda kujaza alama zake pembeni. Saa 5 wa Baiolojia alihifadhi, akafunga. Saa 6 mwenzake akarudisha nakala yake. Kompyuta ikamuuliza kama iweke jipya mahali pa la zamani, akabonyeza ndiyo. Alama za Baiolojia za mikondo miwili zikaondoka kimya kimya. Tuligundua siku ya kuchapa ripoti, wakati wanafunzi wengine wameshatupa karatasi zao.

Mimi naulaumu zaidi ule ujumbe. Ulisema faili limefungwa na "User", na kompyuta zote nne za ofisi ile ziliitwa "User". Angeona jina la mwenzake, angemfuata na kumwambia, "Mwalimu, ukimaliza nishtue." Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: kwenye kila mashine, ingia katika mipangilio ya Word na Excel, andika jina la anayeitumia. Ni kazi ya dakika mbili.

Faili likifunguliwa, Word huweka pembeni yake kifaili kilichofichwa, jina lake likianza na ~$. Cha LibreOffice huanza na .~lock. Hiyo ndiyo kadi yetu ya masijala. Umeme ukikatika ghafla, kadi inaweza kubaki ingawa mtumiaji hayupo tena. Usiifute kabla hujapita meza zote kuuliza.

Wenye intaneti ya uhakika wanaweza kutumia Google Docs, ambako wengi huandika pamoja. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, nayo haimfungii mtu ukurasa kwa sababu mwingine anauhariri. Mabadiliko yakigongana, anayehifadhi wa pili huonyeshwa yaliyoandikwa na wa kwanza ili ayaoanishe.

Kwa ofisi zetu, mimi napendelea kulikata faili: kila somo faili lake, kila mwalimu ashike lake, na mwalimu wa taaluma peke yake ndiye akusanye.

Mchana tutaanza na kompyuta mbili zilizo mezani hapa. Kabla ya kufungua faili lolote, kila mmoja aandike jina lake.