Moshi wa Jaa na Sukari ya Wazee

Shosho, guka, mnaotusikiliza Dandora na Korogocho: mkipimwa sukari mnaulizwa kuhusu chai na chapati. Moshi wa jaa je? Jaa letu la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na malori hayajakoma. Mwaka 2007 utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) uliwapima watoto 328 wa hapa, nusu yao wakakutwa na madini ya risasi kupita kiasi kwenye damu. Nyinyi mmeuvuta moshi huo kwa miaka mingi zaidi.

Plastiki ikiungua hutoa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Nayo inahusishwa na kisukari: Marekani huwalipa fidia ya ugonjwa huo wanajeshi wake wa zamani waliokuwa Vietnam, kulikonyunyizwa dawa ya magugu yenye dioksini. Kuku wanaodonoa jaani nao huibeba dioksini hadi kwenye mayai.

Kweli, unene na urithi vina uzito zaidi. Lakini kiu isiyoisha na kuamka usiku kukojoa ni dalili za kisukari, usisingizie uzee. Nenda ukapimwe, umwambie daktari unaishi karibu na jaa. Na jiko, tafadhali, usiliwashe kwa chupa ya plastiki.