Mgeni Akiugua Gisenyi

Wewe uliyevuka mpaka kutoka Goma, au uliyehamia Gisenyi kikazi, ugonjwa haubishi hodi. Sheria ya Rwanda ya 2015 inamtaka kila aliyeko nchini, mgeni pia, awe na bima ya afya. Ishughulikie ungali mzima.

Ukiugua, anzia kituo cha afya kilicho karibu. Kikishindwa, kitakuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Gisenyi. Beba kitambulisho au pasipoti, kadi ya bima na dawa unazotumia. Huna bima? Uliza gharama mapema, na udai risiti.

Hali ikibadilika ghafla, usingoje: piga 912, uitiwe ambulensi. Mama mjamzito, mzazi mwenye mtoto anayechemka homa, ugeni usikufunge miguu. Nenda utibiwe.