Mizani Ikisimama

Msikilizaji wa Maua, Nkubu, Runyenjes na Siakago, leo nasema nawe uliyepasuliwa ili kupunguza mfuko wa chakula. Katika upasuaji unaofanywa sana, takriban asilimia 80 ya mfuko huo huondolewa. Kilo zilishuka, nguo zikakupwaya. Kati ya mwezi wa 12 na wa 18 mizani husimama. Usishtuke, hujakosea popote. Kazi imegeuka tu: sasa unatunza ulichopata.

Tazama sahani yako. Ikiwa ni githeri, anza na maharagwe, mahindi yafuate, na utafune polepole. Mukimo ni laini, huteremka haraka, kwa hiyo tangulia na yai au kuku. Maji yangoje nusu saa baada ya mlo.

Chai ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Vikombe vinne, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko 12 kwa siku, na hutashiba. Tena chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, basi usimeze vidonge nayo. Vitamini B12, chuma na kalsiamu ni za maisha yote, hata ukijisikia mzima kabisa.

Na miraa, ndugu zangu wa Igembe? Huua hamu ya kula, siku ikapita bila protini, soda ikajaza pengo.

Kupanda kilo chache baada ya mwaka wa pili hutokea kwa wengi. Usijifiche kwa aibu. Rudi kliniki, upimwe damu, na uende na orodha ya ulichokula wiki hiyo.