Thamani ya Mbale ya Dhahabu

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya mawe. Si mawe ya kujengea nyumba, ila yale ambayo mtu huyatia katika magunia na kuyalinda usiku kucha, kwa kuwa ndani yake mna dhahabu. Jiwe la namna hiyo, lenye madini ndani yake, huitwa mbale. Ninyi mkaao Geita, Kahama au Chunya mmeiona mbale tangu utoto wenu. Walakini kuiona si kuijua thamani yake, na hapo ndipo watu wengi hupoteza mali waliyoitokea jasho.

Nitaanza na habari ya mjomba wangu. Yeye na wenzake walichimba shimo muda wa miezi saba, wakapata magunia 40, kila gunia kilo 50, yaani tani 2 kamili. Mjomba akachagua jiwe moja ambalo dhahabu yake ilionekana kwa macho, akalipeleka mjini kupimwa. Jibu likaja: gramu 180 katika kila tani. Mjomba akashika kalamu, akazidisha, akapata gramu 360, na usiku ule hakulala. Asubuhi akaja mnunuzi, mzee mtaratibu, akachota katika gunia hili na lile, akasaga kidogo, akaosha katika karai, akasema, "Bwana, kwa haya nitakupa bei ya gramu 20." Mjomba alimfukuza kwa maneno yasiyofaa kusemwa katika redio. Magunia yalipokwisha kusagwa na kuchenjuliwa, zilitoka gramu 14. Naye alikuwa amekwisha kukopa fedha za bati na karo za wanawe wawili. Deni lile lililipwa kwa ng'ombe.

Hapana mtu aliyemdanganya. Waliopima walipima sawasawa jiwe walilopewa. Kosa ni kwamba jiwe lile halikuwa mfano wa magunia yale.

Sikilizeni hesabu hii, na ninyi wanafunzi iandikeni. Mpimaji hapimi gunia zima. Aghalabu hutwaa unga wa gramu 50 tu. Sasa tuseme katika unga huo imeingia punje moja ya dhahabu yenye upana wa milimita 1, ndogo kuliko mbegu ya mtama. Dhahabu ni nzito sana, hata punje hiyo huwa na uzito wa sehemu moja ya mia ya gramu. Igawanyeni kwa gramu 50, kisha zidisheni mpaka tani: mtapata gramu 200 kwa tani! Punje ile ikikosekana, jibu la mbale ile ile laweza kuwa karibu na sifuri. Basi mtu apelekaye jiwe zuri tu hujidanganya mwenyewe, na mnunuzi achukuaye jiwe baya tu humdanganya mwenzake. Bei ya mbale, kwa sehemu kubwa, huamuliwa kabla watu hawajaanza kupatana.

Yafaa kufanyaje? Twaa kidogo katika kila gunia, wala usitwae juu tu, bali juu, katikati na chini, kwa maana gari likitikisika vumbi zito huzama. Vunja mawe hayo mpaka yawe kama punje za mahindi. Yamwage juu ya turubai safi, yachanganye kwa koleo, uyalundike kama kichuguu. Kisha lisawazishe lundo liwe bapa kama chapati, ulikate vipande vinne kwa mistari miwili ipitanayo katikati. Twaa vipande viwili vinavyoelekeana. Viwili vingine virudishe katika magunia. Vile ulivyotwaa visage vizidi kuwa laini, lundika tena, kata tena, hivyo hivyo mpaka zisalie kilo moja au mbili za unga. Kazi hii huchosha, na vijana hupenda kuiruka, hasa lile la kufagia turubai. Lakini vumbi linalobaki katika mikunjo ya turubai mara nyingine ndilo lenye dhahabu.

Unga uliosalia ugawe katika mifuko mitatu. Mmoja wako, mmoja wa mnunuzi, na wa tatu ufungwe mbele ya macho yenu wote wawili, utiwe alama zenu, ukae kwa mtu mnayemwamini. Vipimo vyenu vikiachana sana, mfuko wa tatu hupelekwa kwa mpimaji mwingine, naye ndiye mwamuzi. Haya si mambo niliyoyabuni mimi. Ndivyo wafanyavyo migodi mikubwa na wenye viwanda vya kuyeyushia madini wanapouziana shehena.

Penye maabara hutumika kipimo cha moto, nacho ni cha kale na cha ajabu. Unga wa mbale huchanganywa na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na unga kidogo wa ngano, ukatiwa katika kalibu na kuyeyushwa kwa moto mkali sana. Risasi huyeyuka, na inapozama huikusanya dhahabu na fedha yote iliyomo, kama kuku akusanyavyo vifaranga. Kisha kidonge kile cha risasi huwekwa katika kikombe kilichofanyizwa kwa majivu ya mifupa. Katika joto kikombe hunywa risasi yote, kikasaza tone dogo ling'aalo, la dhahabu na fedha. Tone hilo huchemshwa katika tindikali ya nitriki; fedha huyeyuka, na dhahabu peke yake hubaki kwa mizani.

Lakini dhahabu iliyomo katika mbale si yote utakayoishika mkononi. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wengi huitumia, mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu, tena mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu ya mchomaji na ya watoto walio karibu naye. Basi mnunuzi wa mbale akitoa hesabu ya usagaji, uchenjuaji na dhahabu itakayopotea, usidhani kila neno lake ni hila. Mwambie tu akuonyeshe hesabu hiyo kwa tarakimu.

Hata nchi nzima yaweza kuingia katika shauri hili. Mwezi wa Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia kusafirisha makinikia, yaani ule mchanga mzito wenye dhahabu, shaba na fedha uliotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi kwenda kuyeyushwa ng'ambo. Makontena 277 yakazuiliwa. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli, na mwezi wa Mei ikasema kwamba tani moja ina wastani wa gramu 1,400 za dhahabu. Hesabu zilizokuwa zikitumika zilikuwa karibu gramu 200. Kampuni yenye migodi ilikataa hesabu ya kamati. Mimi si mwamuzi wao. Lakini angalieni: mchanga ni ule ule, na hitilafu ni mara saba! Mwezi wa Januari 2020 Serikali na kampuni ya Barrick walitia saini mapatano, pamoja na malipo ya dola milioni 300. Kama wakubwa hao walibishana juu ya kilichomo ndani ya kontena, mwenye magunia 40 asione haya kudai mfuko wa tatu.

Sasa tuseme umekwisha kuchenjua, una kinofu cha dhahabu mkononi. Dhahabu ya mwambani haiwi safi kabisa. Huchanganyika na fedha. Yapo maji ya kukusaidia. Kipime kinofu chako kikavu, kisha kipime kikiwa kimetundikwa kwa uzi ndani ya maji. Dhahabu safi ya gramu 19.3 hupungua gramu 1 tu majini. Ikiwa kinofu cha gramu 20 kimepungua gramu 1.2, gawanya 20 kwa 1.2, upate 16.7, na ikiwa kilichochanganyika nayo ni fedha tu, basi dhahabu ni karibu asilimia 81, yaani gramu 16 na kidogo. Lakini kiyeyushe kwanza, maana kinofu kilichochomwa kwa zebaki kina vitundu vya hewa, nacho kitaonekana hafifu kuliko kilivyo.

Jihadhari pia na wakia. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1, na wakia ya dukani ni gramu 28.35 tu. Atakayekununulia kwa ile kubwa na kukulipa kama kwamba ni ile ndogo atakula karibu gramu 3 katika kila wakia.

Tangu mwaka 2019 Tanzania ilifungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita, ambako mizani huwa mbele ya macho ya muuzaji na mnunuzi. Mwaka ule ule wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mrabaha, uliopandishwa kuwa asilimia 6 mwaka 2017, ulibaki.

Nilikuwa karibu kuyasahau marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya zebaki. Mjomba aliyauza yake kwa bei ya kichanga cha kujengea, naye aliyeyanunua akayatia katika mabwawa ya sianidi. Kama marudio yako yamelundikana nyuma ya karasha, yakate vipande vinne vile vile, uyapime, kabla gari la mtu halijaja kuyazoa. Kwaherini.